Mafuta Yanayotoka Jaani

Jumatatu, 5 Julai 1971
Hamadi amerudi tena na gunia kutoka jaani. Tairi mbovu, ndala zilizokatika. Mume wangu anapakia taka kwenye gari la mji mchana kutwa, kisha anazileta nyumbani. Anazijaza kwenye pipa, anakandika mfuniko kwa udongo, anawasha makumbi ya nazi chini. Mvuke unapita kwenye bomba lililotoswa majini na mwisho wake yanadondoka mafuta meusi. Taa inawaka kwayo, ina moshi lakini inawaka. Yeye amefurahi. Mimi naogopa. Kikwajuni nzima inapanga foleni ya mafuta ya taa na kurudi mikono mitupu, sisi tuna debe. Nani ataamini yametoka kwenye taka? Watasema magendo, watamfunga.

Jumatano, 7 Julai
Harufu ya mpira imefika uchochoroni. Nimefukiza udi asubuhi, na tena baada ya alasiri. Jana pia. Binti yetu Salma anasema nimezidisha. Nimemkaripia bure.

Ijumaa, 9 Julai
Mjinga mimi. Udi kutwa kucha kwenye nyumba yenye msichana wa kuolewa! Mtaa umeshapika harusi. Baada ya sala Bi Mwana, jirani yetu, ameingia na wenzake kwa vigelegele.

"Mwatuficha posa, Bi Zuhura? Sie si watu wenu?"

Wamepitiliza mpaka uani kumtafuta Salma. Pipa bado la moto, debe liko wazi. Vigelegele vikakatika. Wameaga bila hata kunywa kahawa. Salma amejifungia chumbani kwa aibu.

Jumamosi, 10 Julai
Mjumbe wa nyumba kumi amekuja na wanaume wawili nisiowajua. Wanataka kujua nani anamletea Hamadi mafuta. Mume wangu amewaambia yametoka kwenye taka. Wakacheka. Akawaomba wakae, atayatoa mbele ya macho yao.

Nimechochea moto mwenyewe. Udongo wa mfuniko ulipasuka, nikauziba kwa vidole, vimeungua. Halijatoka tone. Halijatoka. Mwisho tone likadondoka, na jingine. Nikajua tumeokoka.

Mjumbe akachovya kidole, akanusa.

"Nshaamini, Hamadi. Sasa twende ukaseme nani kakufundisha."

Wameondoka naye. Pipa pia wamelichukua.

Jumapili, 11 Julai
Hajarudi. Sikupika. Nimekwenda kuuliza, nimeambiwa nikakae nyumbani. Hakuna jirani aliyebisha hodi.

Jumanne, 13 Julai
Amerudi mchana kwa miguu. Mzima. Pipa limebaki huko, na kesho anatakiwa kazini kama kawaida. Salma amemmiminia maji akanawa, akala wali kidogo, akausifu mchuzi.

Baada ya isha amepanda kitandani na viatu miguuni. Sikumwambia avue. Nimejilaza kando yake, na buibui langu mwilini, sikio mlangoni.