Nilimrukia Mama Mkwe Kwenye Mechi ya Besiboli

Mpendwa dada Gaudiosa, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mama mkwe wangu anataka kupanda ndege arudi Musoma, na mke wangu Brigitha anatarajia kujifungua mwezi ujao, na mama alikuja Stockholm kwa ajili hiyo tu, kumlea mzazi, sasa anaondoka kabla ya mtoto kuzaliwa na kosa ni langu.

Jumamosi tarehe 10 Julai 2010 nilipewa kazini tiketi za mechi ya besiboli ya wachezaji wa kulipwa, nikaona badala ya kushinda ndani hapa Hallunda na joto hili twende wote, tukabeba chapati, sufuria la pilau na mwavuli, na mama akavaa sweta kwa sababu nyumbani walimwambia Ulaya ni baridi, akakataa kuivua. Unajua kwetu mkwe haguswi wala hapewi mkono, na hatuzungumzi moja kwa moja, kila neno linapitia kwa Brigitha hata tukiwa chumba kimoja. Kwa hiyo mama alikaa mbele, Brigitha katikati, mimi nyuma yao.

"Brigitha, muulize mumeo yule kijana mwenye gongo anamtishia nani."

"Mwambie mama anausubiri mpira."

"Watu wazima wote hawa, juani, wanasubiri mpira?"

Basi mpira ukaja. Yule kijana aliupiga vibaya, ukapanda juu, ukageukia upande wetu ukilenga kichwa cha mama, nami nikapiga kelele kama heshima inavyotaka, "Brigitha, mwambie mama ainame!" naye mdomo umejaa chapati akanigeukia, "Nimwambie nini?" na hapakuwa na nafasi ya kurudia, dada, niliruka viti, nikamkumbatia mama mkwe wangu kwa mikono yote miwili, tukaanguka pamoja juu ya pilau, kilemba kikamtoka, mpira ukapiga kiti chake kitupu, Waswidi wakasimama wakapiga makofi, mzee mmoja asiye na shati akauokota mpira akampa mama, na binti yetu Natacha, wa miaka saba, akawa anarukaruka, "Pappa räddade mormor!" yaani baba kamwokoa bibi, lakini bibi Kiswidi hajui.

Tangu siku hiyo nikiingia sebuleni mama anafungua mwavuli, anajificha nyuma yake. Mimi nakula balkoni. Nimemtuma Natacha mara nyingi akaniombee radhi, lakini mtoto anasema kwa Kiswidi, bibi anamjibu, "Ahsante, mjukuu wangu," anaendelea kufunga sanduku, na mpira ule ameuweka humo katikati ya vitenge vyake. Brigitha analia, ananiambia, "Si ungeuacha tu umpige begani?" Nifanye nini?

Mashauri, Hallunda

Mashauri,

Pole kwa balkoni. Kwa kumrukia mama sikulaumu hata kidogo. Ungekaa kwa adabu, leo ungekuwa unaniandikia kuhusu msiba.

Nakulaumu kwa yaliyofuata. Umemvua mkwe kilemba mbele ya uwanja mzima, kisha unamtuma mtoto wa miaka saba kuomba radhi, tena kwa lugha asiyoijua? Nyumbani ungethubutu? Neno kwa mkwe hupelekwa na mtu mzima wa rika lake. Au ulidhani washenga hawapewi viza?

Tena hukuona ulichoniandikia mwenyewe. Mwanamke aliyechukia hafungi mpira uliotaka kumuua katikati ya vitenge vyake vizuri. Anataka kuwaonyesha wenzake Musoma. Lakini swali la kwanza watakalomuuliza ni mkwe wake aliomba radhi vipi, na hadi sasa hana jibu.

Leo hii nenda Vårby gård kwa Mama Libérate, mama wa Kirundi, amesuluhisha mazito kuliko haya. Mwambie nimekutuma. Aje kwenu na kilemba kipya na mguu wa mbuzi. Mguu unatosha, mbuzi mzima usimlete balkoni. Aseme yeye, wewe kaa jikoni kimya mpaka uitwe. Usijieleze, wala usitaje kwamba ulimwokoa. Hilo mwachie mama aliseme mwenyewe. Na Brigitha aache kulia pembeni, amwambie mama yake waziwazi kwamba anamhitaji.

Mkienda uwanjani tena, kaeni mbali. Mpira ukiwafuata huko huko, mrukie tena. Kisha uombe radhi tena.