MAELEZO YA SHAHIDI KUHUSU DAMU ILIYOPIMWA MARA KUMI

Jina: Chuma, ndivyo ninavyoitwa. Umri: miaka 68, ingawa wanaoniona husema 50. Kazi: msafishaji wa maabara. Makazi: nyuma ya kiwanda cha sabuni.

Pale maabara hakuna mwenye damu nzuri kunishinda. Usicheke, afande, andika. Ikifunguliwa dawa mpya ya kupimia homoni za tezi ya shingo, binti wa vipimo hunitoa damu, anaigawa vichupa kumi, anapima vyote. Majibu yakifanana, tena yakiwa yale ya siku zote, basi kipimo ni cha kuaminika na wagonjwa wanaingia.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, yaani jana, saa mbili na robo asubuhi, alinitoa damu. Saa nne akaniita. Vichupa vyote kumi vilifanana, lakini vilisema tezi yangu inakimbia kama imeiba. Akanishika mkono, akahesabu mapigo. Akasema, "Mzee wangu, mbona wewe mzima? Kuna kitu unameza?"

Meneja alikuwa mlangoni na mabinti wa mapokezi. Nikajibu, "Mimi Chuma? Hata kidonge cha kichwa sikijui."

Meneja akasema basi binti kauza dawa halisi ya kupimia, kaweka ya bandia. Saa saba na nusu mkamchukua. Alipopita hakunitukana.

Jioni nikampa mjukuu wangu kopo anisomee. Ni vidonge vya kuotesha nywele. Nameza viwili kila asubuhi, wiki tatu sasa, maana mabinti wa mapokezi wananiita Uwanja wa Ndege. Mjukuu akasoma maandishi madogo: vinaweza kupotosha vipimo vya damu, hata vya homoni.

Chakula kilinishinda, mimi ninayekombaga sufuria.

Kopo hili hapa. Leo sijameza. Vikinitoka mwilini wanipime tena, hata wanitoe debe zima. Mtoto wa yule binti bado ananyonya, afande. Ndiye huyo anayelia hapo kaunta na bibi yake.

Haya niliyosema ndiyo niliyoyaona, na lile la kidonge cha kichwa nalifuta.

Sahihi: (dole gumba)

Maelezo ya afisa: Tarehe 7, saa moja na nusu asubuhi. Shahidi hajui kusoma, amesomewa, amekubali. Kopo limepokelewa, vidonge 18. Alivua kofia bila kuombwa, akataka niandike kwamba nywele saba zimeota. Nimeziona tatu.