Mtoto Aliyenikimbilia Ziwani

Tukuyu

Kwa dada yangu Fatuma, Matambarale.

Salamu nyingi zikufikie wewe na shemeji, na wote mlio hapo nyumbani. Mimi mzima wa mwili, ila baridi ya huku bado haijanizoea. Mama mguu wake unaendeleaje? Na ufuta mmeshaukung'uta, au bado mmeuanika? Nieleze yote, hata yale unayoyaona madogo. Nawe shemeji unayemsomea barua hii, tafadhali usiruke neno.

Barua yenu niliipata siku moja kabla ya safari. Nilikuwa naisoma jikoni kwa furaha, mpaka nikafika pale mliposema Zainabu amekua, anatwanga kwa kijimchi chake, na siku hizi anakuita wewe mama.

Dada, nitakuambia kweli. Neno lile lilinichoma. Najua kwetu mama mkubwa ni mama. Najua ni mimi niliyekuletea mtoto, hata miaka miwili hajatimiza, baba yake alipokwisha kuniacha, nikaenda Nachingwea kulea mtoto wa Mzungu fundi wa matrekta. Wakati ule nilikuwa nakuja kila mwezi. Halafu Bwana huyo akahamia huku, nikaifuata kazi, na sasa mwaka wa pili unakwisha. Yote nayajua, na bado nilikuonea wivu. Nikaikunja barua, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda nayo hivyo hivyo Ziwa Nyasa.

Safari yenyewe ilikuwa ya mapumziko. Hawa wazungu wana nyumba nzuri ya sakafu ya mbao, lakini wakipata likizo wanakwenda kulala ndani ya turubai, na hiyo ndiyo starehe yao. Tulikwenda Bwana, Bibi, mtoto wao Meri ambaye ni rika moja na Zainabu, mpishi, na mimi. Gari lilishuka milimani mpaka kwenye mashamba ya mpunga, joto likanikumbusha kwetu. Njia ilipokwisha tukapakia mahema kwenye mitumbwi miwili, tukapiga kambi ufukoni, milima mirefu ikiwa nyuma yetu.

Maji yale ni mengi, dada, ng'ambo inaonekana kama moshi. Lakini hayana chumvi, unachota unakunywa. Wanawake wa Kikisi, wafinyanzi wa ufuko ule, walikuwa wakipita na mitumbwi iliyojaa vyungu vya kuuza, wengine wamebeba watoto mgongoni. Bibi alitazama vyungu. Mimi nilitazama watoto.

Siku ya pili asubuhi Bwana alikuwa mbali anavua kwa ndoano. Meri anacheza ukingoni, na Bibi amekaa karibu naye, kama hatua tano. Mimi nilikuwa huku juu naanika mablanketi. Likaja wimbi likamwangusha mtoto. Bibi akaruka, akafungua mikono kumpokea. Meri akainuka analia, akampita mama yake, akakimbia mchanga wote ule mpaka kwangu, akashika kanga yangu akisema, "Mama! Mama!"

Kwa Kiswahili, dada. Nikamwinua. Bibi alibaki na mikono yake wazi.

"Amekuitaje?" akaniuliza alipofika.

"Ni maneno ya mtoto, Bibi. Ameshtuka."

"Nipe."

Nikampa, lakini Meri aliniganda shingoni, ikabidi mama yake ambandue vidole kimoja kimoja. Kisha akaniambia, "Leo utamsaidia mpishi. Mtoto nitamtazama mwenyewe."

Basi nikakaa kusugua sufuria kwa mchanga. Mpishi akacheka sana. "Mwanamke mzima anamwonea wivu yaya!"

Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naujua ugonjwa ule. Tena nikuungamie jambo jingine: Meri aliponikimbilia, nilifurahi. Nilifurahi mbele ya macho ya mama yake. Ndipo nikajiuliza kama nawe hufurahi hivyo hivyo Zainabu anapokuita, nikakukasirikia upya, hali hujanikosea kitu.

Jioni, jua halijazama, Bibi akaja akakaa mchangani karibu na sufuria zangu.

"Somoe, una mtoto?"

Miaka yote hii hakuwahi kuniuliza.

"Ninaye mmoja, Bibi. Wa kike. Yuko kwa dada yangu."

"Anakukumbuka?"

"Anamwita dada yangu mama."

Akawa anachezea mchanga kwa vidole. Halafu akasema polepole, "Inauma." Nami nikasema, "Inauma, Bibi."

Kesho yake, kabla hatujang'oa mahema, nilimwomba ruhusa nirudi kwetu. Akadhani ni kwa sababu aliniondoa kwa mtoto. Nikamwambia, "Hapana, Bibi, ni kwa ajili ya mwanangu." Amenisihi nimngoje apate yaya mwingine na Meri amzoee. Nimekubali miezi miwili, si zaidi.

Dada, najua Mungu hakukujalia kuzaa, na najua nyumba yako imechangamka kwa ajili ya Zainabu. Siji kukunyang'anya. Hapana, hapo nimesema uongo. Nakuja kukunyang'anya, ila si kabisa. Nitajenga papo hapo Matambarale, karibu nawe, atakula kwako na kwangu. Nawe usinichukie kwa haya, maana nimeyaandika mwenyewe ili asiyajue mtu mwingine wa huku.

Nisalimie sana mama, mwambie nitamletea blanketi zito la kufunika ule mguu. Msalimie mjomba wetu wa Nambambo akipita, na shangazi, na jirani yetu anayekusaidia palizi. Shemeji, ahsante kwa kusoma.

Zainabu usimwambie kwamba mama yake anakuja. Mwambie kuna mgeni. Siku nitakayofika, akiogopa akajificha nyuma yako, usimsukume kwangu. Mwache. Nitakaa uani nichambue mboga, nimngoje, hata kama ni siku nyingi.

Mdogo wako akupendaye,
Somoe binti Salumu