Zamu Niliyoiacha

Jumatatu, 7 Julai
Nimerudi kutoka hospitali Korogwe, nikaendelea kupukuchua mahindi. Hospitali ya hapa Handeni siendi; najulikana. Nesi kasema masundosundo ya sehemu za siri yamekwisha, ila kirusi hubaki mwilini na yanaweza kurudi. Nisilale na mume mpaka nipone kabisa, baada ya hapo kondomu. Mume naye aangaliwe. Na mke mwenzangu. Hilo la mwisho silitaki kulifikiria.

Alhamisi, 10 Julai
Nimemwambia Baba Mwajuma. Eti yeye haumwi, na kondomu ni za wahuni. Basi hapa hakuna zamu, nikamwambia. Kabeba mfuko wake, kaenda Makuyuni kwa mke mdogo, Zuhura, kabla ya zamu yake. Ana nyumba mbili, hakosi pa kulala.

Jumapili, 13 Julai
Zuhura kanitumia maharage mabichi na salamu: ahsante dada kwa kuniachia siku zako. Anadhani nimemfanyia hisani. Nimeyapika, nimeyala. Matamu. Nimeshinda na hasira. Kabla hajaolewa nilikuwa mzima. Yeye ndiye kaleta.

Ijumaa, 25 Julai
Wakati wa kuoga nimejikagua. Kisundosundo kimoja kimerudi, kidogo kama punje ya mtama. Mume hajanigusa tangu nitibiwe. Kwa hiyo hiki sina wa kumbebesha. Nesi alishasema: vinaweza kurudi vyenyewe, na aliyeanza ni vigumu kumjua, kirusi hukaa kimya muda mrefu. Huenda ni mimi. Naogopa. Na yule binti huko ananishukuru.

Jumapili, 27 Julai
Makuyuni. Mume alikuwa shambani. Nimemweleza Zuhura tukichambua mchicha. Kaendelea kuchambua. Kisha:
"Hata mimi ninavyo, dada. Nilidhani ni adhabu ya kukuchukulia mume."
Nimelia. Sikuwa nimepanga kulia. Tumekubaliana jambo moja kabla Baba Mwajuma hajarudi.

Jumatatu, 28 Julai
Korogwe, wawili. Zuhura kapakwa dawa, nami tena. Tumepimwa pia mlango wa kizazi, salama wote. Nesi kauliza huyu ni nani wangu. Nimesema mdogo wangu.

Jumatano, 6 Agosti
Makuyuni mume kafungiwa mlango. Kwangu pia. Analala kwa dada yake huko Segera. Asubuhi hii kapiga simu, yuko hospitali Korogwe, anauliza aingie chumba kipi. Nimemwelekeza. Kisha nimeanika mahindi. Jua lilikuwa zuri.