Zamu ya Mama Kioko

Mbumbuni, Alhamisi, 16 Oktoba 1986

Jua limekuwa la kukausha mate tangu asubuhi, na sasa upande wa milimani mawingu yameanza kukusanyika. Mvua ya vuli haiko mbali. Mwaka mwingine ningefurahi. Leo nimeyatazama nikatamani yarudi yalikotoka.

Nina aibu. Nimeona nianze na hilo, maana nikizungukazunguka nitafunga daftari kabla sijalisema.

Juzi Jumanne niliandika barua ya kukubali kazi. Ni kazi ya karani wa kupiga taipu, ofisi ya wanunuzi wa pamba kule Mwingi, safari ya siku nzima kwa basi. Waliniita interview mwezi wa nane, kisha kimya, nikadhani wamenisahau. Kumbe. Barua yao ilisema nijibu kwa maandishi na niripoti Jumatatu hii. Niliirudia yangu mara tatu mpaka mwandiko ukanyooka: naikubali kazi, nitafika siku mliyotaja. Nikatia sahihi, nikaipeleka posta mwenyewe, nikarudi nikicheka peke yangu njiani kama mwehu.

Kupata kazi si dhambi. Baba yake Mueni alituacha miaka miwili iliyopita, Mungu amrehemu, na mtoto anamaliza darasa la nane mwaka huu. Lakini nisijifiche nyuma ya mtoto. Mimi mwenyewe nataka kuketi kwenye kiti, mbele ya mashine, niitwe Bi. Ndinda. Nimechoka na jembe.

Aibu ilianza jana.

Jana mwethya wetu ulikutana. Ni kikundi cha akina mama tunaochimbiana mashamba kwa zamu, ile mitaro ya fanya juu inayozuia mvua isibebe udongo. Jumatatu wote tuko kwa huyu, Alhamisi kwa yule. Ukishachimbiwa, nawe unachimbia wenzako mpaka wa mwisho apate. Mimi ndiye katibu kwa sababu nilisoma, kwa hiyo orodha ya zamu naishika mimi.

Zamu ya leo ilikuwa ya jirani yangu, Mama Kioko, ambaye ana mimba ya miezi minane. Mimi nilikuwa wa mwisho kabisa, katikati ya Novemba. Jana akasimama, mkono kiunoni, akasema, "Mama Mueni achukue siku yangu, mimi nitachukua yake. Shamba yake iko kwa mteremko, mvua ya kwanza tu itaimaliza. Na mimi saa hii siwezi shika jembe vizuri. Naona haya kuchimbiwa na watu nikiwa nimekaa tu."

Yeye anaona haya.

Akina mama wakapiga makofi. Wote walinigeukia wakingoja neno langu, na hapo ndipo ningesema. Barua ilikuwa imeshakwenda tangu siku iliyotangulia. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja tu: Jumatatu sitakuwepo, wala Alhamisi ijayo, wala Novemba. Badala yake nikasema, "Asante sana, Mama Kioko, Mungu akubariki," nikafungua daftari la kikundi, nikakata jina lake, nikaandika langu. Mwandiko ulikuwa mzuri tu.

Kwa nini sikusema? Niliogopa wangesema basi, shamba lako lisubiri. Mama mkwe wangu ndiye atakayebaki akilima pale, na mzee yule hawezi kuchimba hata shimo la kupanda ndizi. Niliutaka ule mtaro. Niliitaka kazi na mtaro pia.

Leo wamekuja kabla jua halijachomoza vizuri, wanawake ishirini na mmoja na majembe yao. Niliwapikia muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe. Susu Kamene, nyanya anayetuongozea nyimbo, alitunga wimbo akitaja jina langu, kwamba Ndinda ametuandikia barua zetu, Ndinda amewaandikia watoto wetu walio mbali, leo na tumwandikie yeye kwa jembe. Wenzake wakaitikia. Mimi nilikuwa chini mtaroni nikitupa udongo juu, nikashukuru kwamba jasho na machozi havitofautiani kwa mbali.

Na Mama Kioko alikuja. Tulimwambia akae kivulini, akakataa. Alikuwa akiusawazisha udongo kwa mguu, polepole, akipumzika, akiendelea. Kufika saa saba mitaro mitatu ilikuwa imekamilika kutoka mpaka hadi mpaka. Akaitazama akaniambia, "Sasa wewe lala usingizi." Nikasema ndiyo.

Asante ya punda ni mateke, na leo punda ni mimi.

Kuna jingine, na hili ndilo sijaweza kumwambia hata mama mkwe. Ile barua ya Mwingi, chini kabisa, ilisema kwamba ikiwa siku hiyo hainifai, niwaandikie nitaje nyingine kabla ya mwezi kwisha. Niliisoma. Ningeweza kuomba wiki mbili. Nikaona nikiomba watafikiri sina haja, watamwita mwingine. Sasa hata nikiandika leo, barua haitafika kabla ya Jumatatu.

Nimekaa hapa mlangoni tangu waondoke. Nimefungua daftari la kikundi na kumwandika Mama Kioko Jumatatu, wengine wasogee zamu moja mbele, na nimemwandikia Susu Kamene karatasi ya kumweleza kwa nini. Wakikasirika wana haki. Wakisema nifukuzwe kikundini, nitakuwa nimeshajifukuza.

Lakini kumwandika tu hakutoshi, na Mama Kioko siwezi kumpelekea karatasi; yeye lazima nimwambie kwa mdomo. Basi langu linatoka Jumapili. Nina kesho na keshokutwa za kumchimbia, na mikono miwili. Sitamaliza hata mtaro mmoja, najua.

Ninachoogopa si matusi. Hana matusi huyo. Ninaogopa ataniambia, "Nenda tu, Mama Mueni, kazi ni kazi," kisha aingie jikoni kunipikia chai.

Kesho alfajiri nitachukua jembe niende kwake kabla hajaamka. Sio kwa wema. Nikimkuta amesimama mlangoni na lile tumbo, nitashindwa tena, nitasema habari za mvua nirudi. Afadhali atoke anikute nimeshaanza kuchimba. Ataniuliza, "Mama Mueni, unafanya nini huku peke yako?" na mimi nitamjibu nikiwa nimeinama, macho yangu chini kwenye udongo wake.