Wa kwa Bibi Orpha

Dayton, Ohio

Bibi Orpha mpenzi,

Natumaini kifua kimepoa huko milimani Kentucky. Maharage makavu uliyotuma nimeyapika na nyama ya nguruwe, jirani akaja kunusa mlangoni.

Ila mwanangu Tressie ameacha kusema shuleni. Mwalimu wake anamkatiza kila akifungua mdomo, ati anavuta maneno kama watu wa milimani. Nikaenda. "Mama, tunamnyoosha ulimi tu, asije akachekwa ukubwani," akaniambia. Nikamjibu, "Ulimi wake haujapinda, mwalimu. Anayemcheka ni wewe." Aliposikia lafudhi yangu akatabasamu, kana kwamba sasa ameona ugonjwa ulikotoka. Sauti hii ndiyo uliyonibembelezea mimi, nami ndiyo ninayombembelezea Tressie.

Hata nyumbani akawa anatikisa kichwa tu. Jumamosi sokoni nikaulizia viazi, mzee mmoja akageuka. "Binti, sauti hiyo naijua. Nyie ni wa kwa nani?" Kabla sijajibu, Tressie akatoka nyuma ya sketi yangu, akayavuta maneno kama unavyoyavuta wewe: "Wa kwa Bibi Orpha Sizemore, kule Kijito cha Caney."

Mzee akavua kofia. "Orpha! Ndiye aliyetuimbia siku tuliyomzika mama."

Tangu hapo mtoto hanyamazi. Jumatatu nampeleka shule mwenyewe, na nitakaa humo darasani mpaka amalize kusema.

Mjukuu wako akupendaye,
Lurleen