Nyama Kumi na Mbili kwa Sahani Nne

Bukavu, Jumatano, mwezi wa sita 1979

Basi, leo nimeshindwa na mutoto wa miaka minane.

Furaha ana examen ya kugawanya keshokutwa. Akianguka, atarudia mwaka, na kweli naogopa, maana mbele ya kitabu anasinzia kabla sijafungua mdomo. Nikajiambia: ajifunze kwa mikono. Nikaomba mama yake sufuria ya nyama, vipande kumi na viwili, na sahani zetu nne: yangu, ya mama, yake na ya kaka yake.

"Gawanya," nikasema kwa sauti ya profesa. "Kila mutu anapata ngapi?"

Akapanga nyama ku sahani bila kusita. "Papa sita. Wengine mbili-mbili."

"Hapana! Sawa-sawa."

"Lakini papa, hii iko nyama. Nyama hatugawe sawa-sawa!"

Mama yake akacheka mpaka akashika ukuta. "Papa Furaha, nani alimufundisha vile? Si wewe, kila siku ku meza?"

Nifanye nini? Nikatoa vipande vitatu kwenye sahani yangu mwenyewe, kimoja kwa kila mmoja wao. Furaha akahesabu. Macho yakamfunguka.

"Tatu kila mutu!"

"Na ndizi ishirini kwa watu wanne?"

"Tano!"

Nilifurahi hata nikasahau njaa. Kidogo tu.

Kesho tunarudia somo, mama ameamua hivyo, na anapika kuku. Sasa niko hapa nawaza. Firigisi, ambayo kwetu ni ya baba tangu enzi za babu, iko moja tu.